Elfu Hamsini na Sita

Jumatatu, 9 Machi 1998
Modemu mpya imefika! Sanduku linasema kasi elfu hamsini na sita. Jirani yangu kinyozi ana ile kuukuu ya elfu kumi na nne, na huringa nayo mtaa mzima. Atanikoma! Nimeichomeka kwenye kompyuta na laini ya simu, niingie intaneti. Ikapiga kelele weee, kisha ikaandika: elfu ishirini na sita. Nusu haifiki! Mke wangu kauliza simu itakuwa huru lini. Mama yake kalazwa hospitali, na dada yake kaahidi kupiga. Nikamjibu subira huvuta heri.

Jumanne
Nimemwita fundi simu. Kasema waya wa mtaani umechakaa, hata ninunue modemu ya dhahabu. Wivu tu! Ila kaponyokwa na neno kwamba simu ya chumbani nayo inapunguza kasi kidogo. Alipotoka tu, nikachukua mkasi.

Jumatano
Elfu ishirini na nane! Kumbe ipo programu ya kuiongezea modemu kasi. Kuivuta kutoka intaneti: muda wa saa sita. Ilipofika asilimia tisini, mke wangu akainua simu ya sebuleni. Yote ikakatika, inaanza upya! Nikafoka. Akalia. Kasema ya chumbani imekufa, haelewi kwa nini. Nikasema hata mimi sielewi. Nilimhurumia, kwa kweli. Nikaificha ya sebuleni kabatini.

Alhamisi
Kinyozi kabisha hodi, karatasi mkononi. Shemeji kapiga siku mbili, simu inatumika tu. Mwishowe kamwandikia kinyozi barua pepe. Mama mkwe katutoka jana asubuhi, akimwulizia binti yake. Barua imepita kwenye ile modemu ya elfu kumi na nne.

Mke wangu kauona waya uliokatwa nyuma ya kitanda. Hakunitukana. Heri angenitukana. Nilipotaka kufuatana naye msibani, kasema nibaki na modemu yangu.

Jumamosi
Nyumba imepooza. Kinyozi kaleta ujumbe, bila hata kuniamkia: mke wangu atapiga leo mchana, mara moja tu, tuzungumze kama atarudi. Nimeitoa simu kabatini, nimeipangusa vumbi, nimeketi kando yake tangu asubuhi. Nitamwomba radhi, naapa! Nitapiga magoti hata kama hanioni.

Lakini nyumba haina wa kuinua simu na kunikatizia, na programu niliyoanza kuivuta upya imefika asilimia themanini na nne. Imebaki saa moja tu. Akikuta inatumika, atapiga tena.