Tahadhari! Mzigo Unalalia Upande

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Shule imefungwa. Nilikuwa na mpango wa likizo tulivu: vitabu vya maktaba, kitanda, mlango uliofungwa. Mpango umevunjika kabla ya saa saba mchana, na aliyeuvunja ni Shangazi.

Shangazi ni dada yake Baba. Anaishi nasi, yeye na mwanawe. Kazi yake ni kusafirisha ile mizigo mikubwa inayoziba barabara nzima na kuwatoa watu madukani waje kushangaa. Leo alitupeleka yadi tukaone mzigo wa wiki hii. Transfoma ya tani tisini! Inakwenda kwenye kituo kipya cha umeme, juu ya trela lenye magurudumu mengi kuliko wanafunzi wa darasa letu. Nilibaki mdomo wazi.

Akaeleza kwamba barabara haiko bapa kamwe, daima huinamia mtaro. Mzigo mrefu kama huu ukiinama kidogo tu, uzito wote hukimbilia upande ule, na hapo hakuna wa kuushika. Kwa hiyo yeye hutembea kando ya trela na rimoti yake, anapandisha upande mmoja na kushusha mwingine kwa jeki za mafuta, ili mzigo ukae sawa hata kama barabara haiko sawa.

Nikauliza anajuaje kwamba uko sawa. Akanionyesha. Nilidhani ni utani. Pimamaji! Ile ile ya mafundi waashi, imefungwa kwenye trela kwa mpira wa baiskeli! Tani tisini, na uhai wa Shangazi anayetembea kando yake, vinategemea kiputo cha hewa chenye ukubwa wa punje ya haragwe.

Binamu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema Profesa, ndivyo anavyoniita, amemaliza kuisoma dunia, sasa ndiyo anaanza kuiona.

Huyu Binamu kila likizo huketi ndani ya pikapu inayosindikiza msafara. Mle mna kiti kimoja tu cha jamaa. Mimi sijawahi kukikalia. Najua pia kwamba sijawahi kukiomba.

Safari hii nitakipata. Bila kuomba.

Jumatatu, tarehe 4

Nimekesha na akili yangu. Matokeo: Mlinzi wa Mzigo!

Ni simu ya zamani ya Baba, ile iliyopasuka kioo. Ndani nimeweka programu inayopima mwinamo. Mzigo ukiinama zaidi ya nyuzi mbili, simu inapiga kelele kupitia spika ya redio niliyoing'oa chumbani mwangu. Nimeiunganisha na betri kubwa ya akiba ili isizimike njiani.

Kelele yenyewe ilinisumbua. King'ora kinaweza kudhaniwa ni gari la wagonjwa. Nikaamua kurekodi maneno. Nilijifungia ndani ya kabati la nguo, nikavaa sauti ya msomaji wa habari, nikasema: “Tahadhari! Mzigo unalalia upande! Tahadhari!”

Nilipotoka, Binamu alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Alikwenda zake akitetemeka mabega.

Jumanne, tarehe 5

Nimemwonyesha Bosi wa Shangazi kifaa changu.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili. Nilifika mbele yake, nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Basi nikaweka kifaa juu ya ubao na kuuinua ubao upande mmoja. Sauti yangu ikalipuka ofisini. Bosi akaruka, karani akamwaga chai, mlinzi akaja mbio kutoka getini.

Bosi akakipenda! Ni mtu anayependa chochote chenye kioo na namba. Akasema hapohapo kwamba pimamaji ivuliwe, kampuni yake si ya kujenga vyoo. Shangazi akamwambia taratibu kwamba yeye angependa viwepo vyote viwili. Bosi akasema hapana, vipimo viwili ni kama madereva wawili kwenye usukani mmoja.

Nimeshtuka. Sikuomba pimamaji ivuliwe. Nilitaka tu kiti. Nilipaswa kusema hivyo. Nilitazama viatu vyangu.

Shangazi akaifungua pimamaji, akaitia kwenye mfuko wa suruali yake ya kazi. Akaniuliza, mwanangu, nina hakika na kitu changu? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Bosi akaamua kwamba mwenye kifaa asafiri nacho: kiti ni changu. Binamu atapanda nyuma ya pikapu, juani, na bendera nyekundu. Amesema ananipongeza na kwamba anatumaini kiti kitanitoa majipu.

Jumatano, tarehe 6

Nimefika yadi kabla ya wafanyakazi wote. Nimebandika Mlinzi kwenye kitako cha transfoma kwa gundi ile isiyobanduka (nilijaribu kwanza kwenye sahani ya nyumbani, sahani hiyo sasa ni sehemu ya ukuta). Kisha nikabonyeza SAWAZISHA. Kuanzia hapo simu inajua “sawa” ni ipi. Sifuri kamili. Nzuri kuitazama!

Mvua ikaanza kunyesha. Maji yakatiririka yadi nzima kutoka ukutani, yakapita chini ya trela, yakaingia mtaroni upande wa pili. Nikavutiwa na kasi yake. Nikakimbilia kibandani kusoma.

Alhamisi, tarehe 7

 

Tuliondoka asubuhi. Mimi kitini, kizibao cha kung'aa kifuani, redio ya mawasiliano mbele yangu. Dereva wa pikapu alikuwa mzee mmoja mpole wanayemwita Mwendopole, tukilifuata trela kwa nyuma. Bosi mbele kabisa na gari lake.

Hatukumaliza mtaa wa kwanza. “Tahadhari! Mzigo unalalia upande!” Watu wakatoka madukani. Watoto wakaanza kuniiga. Shangazi akasema redioni kwamba kwa macho yake mzigo uko sawa. Bosi akamjibu kwamba macho hayana namba, afuate kifaa. Shangazi akaguna. Nilimsikia akiguna! Akapandisha upande wa kulia mpaka simu ikanyamaza.

Nikajivuna. Nakiri. Binamu aligonga kioo cha nyuma akanionyesha kidole gumba kilichoelekea chini. Nikageuza uso.

Kisha barabara ikaanza kupinda na kuinamia mtaro wa kushoto. Mtaro mrefu, chini yake bonde. Shangazi alikuwa anatembea upande huohuo wa kushoto, akichungulia magurudumu. Simu kimya, kama mtoto aliyeshiba. Sifuri kamili.

Nikatazama taa za nyuma za trela. Ya kulia ilikuwa juu. Ya kushoto ilikuwa chini. Nikainamisha kichwa, labda ni mimi. Si mimi! Nikatazama minyororo. Ya kulia imekaza mpaka inalia. Ya kushoto imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Ndipo nikayakumbuka yale maji ya yadi. Yalikuwa yanatiririka. Maji hayatiririki penye usawa! Mimi nilibonyeza SAWAZISHA trela likiwa limelala juu ya mteremko. Nimeifundisha simu kwamba kuinama ndiko kusimama wima. Na Shangazi amekuwa akiitii tangu asubuhi!

Nikamgusa Mwendopole begani. Sauti haikutoka. Akaniuliza kama nimebanwa. Nikatikisa kichwa. Akanituliza, nisione haya, hata yeye ana mabinti, nivumilie kidogo, mbele kuna kituo cha mafuta.

Nikaikwapua redio. Mimi! Mimi ambaye darasani hujibu “nipo” kwa mkono! Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao: Shangazi toka huko chini! Simameni! Simu ni mwongo!

Trela likasimama. Transfoma ikatoa mlio mrefu, mzito, kama ng'ombe anayeota ndoto mbaya. Shangazi hakuuliza kwa nini. Alikimbia akavuka upande wa juu, akatoa pimamaji mfukoni, akaibandika kwenye trela. Kiputo kilikuwa kimejibana pembeni kabisa, kama mtu anayetafuta mlango. Akaanza kushusha kulia, polepole, polepole. Minyororo ya kushoto ikakaza. Mzigo ukakaa.

Na hapo, mzigo ukiwa sawa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mlinzi akaamka. “Tahadhari! Mzigo unalalia upande! Tahadhari!”

Wakajaribu kumzima. Kioo kilichopasuka, tangu kilipolowa mvua ya jana, hakikusikia kidole cha mtu. Wakajaribu kumbandua. Ile gundi! Waya umepita ndani ya gundi. Betri, nilivyosema, ni kubwa. Tumevuka mji mzima na sauti yangu juu ya transfoma. Tumepita mbele ya shule yetu. Mwalimu wa fizikia alikuwa getini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ijumaa, tarehe 8

Mzigo umefika salama. Mlinzi aliendelea kulia hadi kituoni, na mafundi umeme wameapa kwamba hawaipokei transfoma inayozungumza. Wameikata spika kwa patasi.

Bosi akaita kikao. Akasema msafara umeaibika na mzigo umeponea chupuchupu, na kwamba msimamizi wa mzigo ni Shangazi, kwa hiyo Shangazi apumzike kazi mpaka atakapoitwa. Shangazi akaweka rimoti mezani, akakunja mkanda wake. Mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli, anakunja mkanda kwa ajili ya simu yangu!

Nikasimama. Nikasema nilisawazisha kifaa penye mteremko, kosa ni langu. Kisha nikaongeza, sijui kwa ujasiri wa nani, kwamba Shangazi alisema mzigo uko sawa, na alitaka pimamaji ibaki, na aliyekataa yumo humu ndani.

Binamu, mlangoni, akasema kwa sauti ya msomaji wa habari: Tahadhari.

Mwendopole akacheka kwanza. Kisha wote. Bosi akawa mwekundu wa masikio, akakohoa, akasema kazi ya Shangazi iko palepale na pimamaji irudishwe mahali pake. Sikuamini. Sijaamini hadi sasa. Binamu amenitetea!

Tukiwa njiani kurudi, Shangazi akaniambia nimemtia kwenye mtaro na nimemtoa, kwa hiyo hatujui nani anamdai nani. Wiki ijayo kuna mzigo mwingine, boila la kiwanda. Naweza kwenda tena. Sharti moja: nije na macho yangu tu. Hakuna waya, hakuna gundi, hakuna simu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumapili, tarehe 10

Nimefikiri sana juu ya kiapo changu. Macho tu. Vizuri. Lakini Shangazi hakusema macho yasiwe na kitu cha kutazama.

Kosa la Mlinzi lilikuwa moja tu: mahali. Kifaa chenyewe hakikuwa na dosari. Kwa hiyo Mlinzi wa Pili sitamsawazisha yadini. Nimemsawazisha leo hapa nyumbani, kwa utulivu, juu ya meza ya chakula, ambayo kila mtu anajua iko sawa kabisa.

Mguu mmoja wa meza hiyo umewekewa kadibodi, lakini hiyo ni kwa ajili ya kuzuia isitikisike tu.