Hotuba ya Kuwakaribisha Watoto Wachanga

Umma unatangaziwa kwamba ubongo wa mtoto mchanga, ambao tangu dunia iumbwe umekuwa ukikua kiholela bila usimamizi wala mwongozo, sasa umewekwa rasmi chini ya Kurugenzi ya Makuzi ya Awali. Watoto wote wanaozaliwa na afya njema wanaombwa kutoa ushirikiano.

Tangazo hilo aliliandika Mkurugenzi mwenyewe, akalisoma mara mbili mbele ya kioo, akaridhika. Alikuwa na sababu ya kujituma. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Waziri alishadokeza kwamba atakayemwonyesha jambo la kisayansi, likaonekana kwa macho, ndiye atakayekikalia. Huko saluni mke wa Mkurugenzi alishaanza kuitwa Mama Katibu Mkuu, naye alikuwa anaitika. Mtu ambaye mkewe ameshaanza kuitika hana tena pa kurudi nyuma.

Utafiti aliopanga kumwonyesha Waziri ulikuwa mwepesi. Mtoto anavalishwa kofia laini yenye nyaya nyembamba zisizomuumiza wala kumsumbua. Ubongo ukishughulika, mistari kwenye kompyuta inarukaruka; ukitulia, mistari inalala. Daktari wa utafiti, mwanamke mwenye miwani asiyejua kupamba maneno, alitaka kuona ubongo wa kichanga mwenye afya unafanya nini anaposikia sauti ya mama yake.

"Sauti ya mama?" Mkurugenzi aliuliza kikaoni. "Imehakikiwa na nani?"

"Ni mama yake, Mkurugenzi. Ndiyo sauti aliyoisikia tangu yuko tumboni."

"Ndicho ninachosema, Dokta. Miezi yote hiyo mtu anamwongelesha raia bila kibali. Hatujui kamwambia nini."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa uchungu wa nchi. Kamati Ndogo ya Sauti ikaundwa palepale, ikanywa chai, ikatoa uamuzi: sauti za akina mama hazina kiwango kimoja, nyingine zina mafua, na baadhi huimba. Itumike sauti moja rasmi. Ikatafutwa kwa haki, kuanzia upande wa kulia wa meza hadi upande wa kushoto, ikaonekana sauti bora kabisa ni ya mwenyekiti wa kikao. Mkurugenzi alisema hakutegemea, kisha akatoa mfukoni hotuba iliyokwisha kupigwa chapa.

Wodi ya wazazi iliandaliwa ipasavyo. Upande ambao Waziri angepita akija kujionea utafiti ulipakwa rangi na kutundikwa mapazia mapya. Upande wa pili akina mama waliendelea kulala wawili wawili, kichwa huku miguu kule, na bomba la maji ya moto liliendelea kukohoa bila kutoa kitu. Mama mmoja, aliyeitwa Mama Watatu kwa kuwa kichanga aliyempakata alikuwa mtoto wake wa tatu, alimdaka Mkurugenzi mlangoni.

"Baba, shikamoo. Tunaomba maji ya moto tu. Hawa watoto tunawaogesha na nini?"

"Marahaba. Maji ni kurugenzi nyingine, mama. Sisi tunashughulika na ubongo."

Majaribio yakaanza kwa hotuba iliyorekodiwa. Mtoto wa kwanza alikuwa macho, anaangaza huku na huku. Ilipofika "itifaki ikiwa imezingatiwa," mistari ikalala, naye akalala. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu tumbo lilikuwa linamsokota, analia mpaka anabadilika rangi. Ilipofika "kwa muktadha huo, na kwa kuzingatia mawanda yake," alikuwa anakoroma.

"Mnaona?" Mkurugenzi alinong'ona kwa fahari. "Wanatafakari."

"Wamelala, Mkurugenzi."

"Andika: wanatafakari wakiwa wamefumba macho."

"Mtoto mwenye afya akiona haongeleshwi yeye, analala," Daktari alisema. "Ubongo hauna sababu ya kujisumbua."

"Kumbe wote wana afya! Safi sana."

Siku ya Waziri ilipofika, Mkurugenzi alikataa kanda. Jambo zito kama kiti cha Katibu Mkuu haliachiwi spika. Alisimama katikati ya wodi, suti imenyooka, karatasi mkononi. Mbele yake Mama Watatu alikuwa amempakata mwanawe aliyevaa kofia ya nyaya, macho kodo. Waziri aliketi kwenye kiti kilicholetwa na gari lake mwenyewe, kwa kuwa vya wodini vilikuwa na miguu ya mashaka.

Mkurugenzi akasoma. Alimtambua Waziri, akawatambua wakuu wa idara kwa vyeo vyao, akawatambua wasaidizi wa wakuu wa idara, kisha akawatambua "wadau wachanga." Alisoma vizuri mno. Alipofika ukurasa wa tatu, mtoto alishalala zamani. Mlinzi alikuwa ameegemea rangi mbichi. Waandishi wa habari walikuwa wameinamia kalamu zao kama wanaoandika. Waziri mdomo ulikuwa wazi kidogo, kidevu kifuani.

"Samahani, mheshimiwa," alisema Mama Watatu. "Hivi unaongea na nani?"

"Na mwanao, mama."

"Mbona hujamwangalia hata mara moja?"

Mkurugenzi akatafuta jibu ukurasa wa nne. Halikuwepo. Mama Watatu akamwinamia mwanawe. "Wewe mzee, amka bwana! Umeletewa wageni nawe unalala? Haya, wao watu wazima wamelala, na wewe umewaiga?"

Mtoto akafumbua macho. Mistari kwenye kompyuta ikaruka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Waziri alishtuka, akapiga makofi kwa mazoea, ndipo akauliza, "Hiyo nini?"

"Ubongo wake, mheshimiwa," Daktari alijibu. "Anajua ni yeye anayeambiwa."

"Na ile hotuba?"

"Ile ilimlaza. Inawalaza wote. Hata leo imelaza wodi nzima."

Mkurugenzi akakunja karatasi zake. Waziri alimtazama, akayatazama macho ya akina mama yaliyovimba kwa kukesha, akakumbuka kwamba wenye macho hayo wanapiga kura.

"Kila mara inafanya kazi?"

"Kila mara."

"Basi hili ndilo jambo la kisayansi nililokuwa nalitafuta," Waziri alisema, akainuka. "Mkurugenzi, hongera. Kuanzia leo wewe ni Msomaji Mkuu wa Taifa. Kituo chako cha kazi ni hapa wodini."

Cheo cha Katibu Mkuu alipewa shemeji wa Waziri, mtu makini ambaye hakuwa na hotuba yoyote.

Msomaji Mkuu alipewa meza kati ya sinki na vitanda vya watoto. Akina mama wakamzoea, wakamwita Baba Hotuba. Hakuna kiongozi aliyewahi kupendwa kiasi kile. "Baba Hotuba, tusomee kidogo, huyu kagoma!" Naye anasoma, wodi inatulia, na akina mama wanapata usingizi ambao serikali haikuwahi kuwapa. Hata yeye alianza kuona kwamba maisha yake yote ya utumishi yalikuwa maandalizi.

Alasiri moja alikuwa anasoma, ameshafika kwenye mawanda, akahisi anatazamwa. Kichanga mmoja wa kike, aliyezaliwa jana yake, alikuwa macho. Hakulia. Alimkazia macho usoni, ametulia, anangoja aambiwe kitu.

Msomaji Mkuu akashusha karatasi, akavua miwani. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumsubiri aseme. Macho yakamjaa maji, na aliona haya kweli.

"Hujambo, mama?" akasema taratibu. "Mimi... mimi ni baba tu wa hapa. Karibu."

Kichanga akatoa sauti ndogo. Akarusha mkono. Kitanda cha jirani kikaitika, cha pili kikadakia, na mara wodi nzima ikawa inalia.

"Baba Hotuba, unafanya nini!" mama wa kichanga alifoka, amekurupuka kutoka usingizini. "Nani kakutuma uongee na mtoto? Hebu rudi kwenye karatasi yako!"

Msomaji Mkuu akavaa miwani, akatafuta mstari alipoishia.