Madaftari Manne Yaliyozuiliwa Uskoti

Kijiji cha Kirushya,
Wilaya ya Ngara.
4 Agosti, 1980.

Kwa Mtunza Nyaraka Mkuu,
Uskoti.

YAH: KUZUILIWA KWA MADAFTARI MANNE NA SHAIRI MOJA LA MAREHEMU MDOGO WANGU

Ndugu Mtunza Nyaraka,

Natumaini wewe na maboksi yako hamjambo. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mimi ni Pancras, katibu wa kijiji hiki, kaka wa marehemu Emilian, mwalimu na mtunga mashairi, aliyekwenda vitani mwaka juzi mwezi wa Novemba na hakurudi. Barua yako ya Juni imefika, tena kwa Kiingereza. Nimesomewa na Mzee Halfani, mwenye duka pale Ngara mjini. Nilimwomba airudie mara tatu, maana mara mbili za kwanza nilidhani anaongeza chumvi.

Unasema madaftari ya mdogo wangu umeyapokea pamoja na karatasi za marehemu Bwana Makrei, aliyefundisha naye kule Biharamulo. Unasema yako salama na hayatoki. Nikitaka kuyaona, nifike mwenyewe, nije na kitambulisho, na nipange siku mapema. Nilicheka, Ndugu, kisha nikakasirika, na hadi sasa ninapoandika sijatulia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Emilian hakuthubutu kumsomea mama shairi lenye dosari. Kila alichotunga alikipeleka kwanza kwa Bwana Makrei kikosolewe, na Bwana naye alileta vyake. Bwana alikijua Kiswahili vizuri kuliko alivyokitamka. Waliendelea kukosoana hivyo kwa barua hata baada ya Bwana kurudi kwao. Basi shairi la mwisho, ambalo Emilian alilitunga kambini huko Uganda kwa ajili ya mama, nalo lilikwenda Uskoti. Barua yake ya mwisho kwetu ilisema: shairi la mama linakuja, bado liko kwa fundi. Sasa mtunzi amekufa, fundi amekufa, na wewe umelibandika namba. Hongera sana.

2. Kwetu matanga hayaondolewi mpaka maneno ya mwisho ya marehemu yasomwe mbele ya jamaa. Mwili hatukuupata, tunaambiwa ulizikwa huko huko. Tulichobakiwa nacho ni maneno, na maneno unayo wewe. Mama yetu, Rozalia, amekaa na msiba mwaka mmoja na miezi minne. Harusi haendi. Maharage hapandi kwa mkono wake, anapandiwa na majirani, naye anatazama mistari inavyokwenda upande bila kusema kitu. Ndugu, hilo la kutosema kitu ndilo linaloniumiza, kwa sababu mama yangu ni msemaji.

3. Unajivunia kwamba chumba chenu ni cha baridi mwaka mzima, ili karatasi zisiharibike. Emilian huyu huyu alikuwa anavaa makoti mawili kwenda chooni asubuhi za Julai. Nani alikutuma umpoze?

4. Kanuni zenu ni kichekesho. Mikono ioshwe: hapa sabuni haijaonekana dukani tangu Februari. Wino marufuku, penseli peke yake: shairi lenyewe limeandikwa kwa wino, maana yake mwenye shairi angekuja mngemfukuza mlangoni. Halafu eti msomaji anyamaze. Huku kwetu shairi linasomwa watu wakiwa na mirija ya pombe ya ndizi midomoni, na asiyeitikia anatajwa kwa jina. Nyinyi mmehifadhi ngoma mkakataza isipigwe, na mnataka tuwashukuru.

5. Unadai karatasi ni dhaifu na safari itaziumiza. Mwaka 1974 sisi tulihamishwa kutoka Kanazi kuja kijijini kwa lori moja, siku moja, mvua ikinyesha. Walikuwamo wagonjwa, mbuzi, mitungi, na bibi yetu mzaa baba ambaye hajui hata alizaliwa lini. Hakuna aliyetupima joto. Tulipofika tulikuta vigingi na nyasi, tukaambiwa hapa ndipo kwenu. Ukoo mzima umehama, wewe unashindwa na madaftari manne? Ukitaka nitakuja kukuonyesha operesheni inavyofanywa. Kabla ya adhuhuri maboksi yako yote yatakuwa yamepangwa mistari miwili kando ya barabara, na wewe utakuwa mwenyekiti wake.

6. Nimelifikisha suala hili kwenye kamati ya kijiji, ikaamua kwa kauli moja (mjumbe mmoja alikuwa amelala, tukamhesabu na yeye) kwamba andiko ni mali ya aliyeliandika, na akifa ni mali ya jamaa zake. Kulishika andiko ni kumshika mtu. Kwa hiyo Emilian ni raia wa Tanzania anayezuiliwa katika nchi ya kigeni bila kushtakiwa. Nakukumbusha kwa heshima kwamba juzi tu tumetoka kumfukuza mtu aliyedhani anaweza kuchukua cha Kagera akakaa nacho. Sitaki kusema zaidi.

7. Pamoja na hayo sisi ni waungwana, na napendekeza tubadilishane mateka. Tunazo barua thelathini na moja za Bwana Makrei kwa Emilian, pamoja na mashairi yake kuhusu ukungu, kondoo, na mwanamke fulani aliyemkataa. Tangu ulipoandika nimezifungulia ofisi: Nyaraka za Uskoti, Tawi la Kirushya, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Kanuni nimechukua zako. Jamaa wa Bwana wakitaka kuziona wafike wenyewe, wapange siku mapema, waoshe mikono kwa majivu na waache kalamu nje. Joto la chumba ni lile alilolileta Mungu siku hiyo. Ukileta madaftari utapewa barua, na kila andiko litakuwa limerudi kwa aliyeliandika.

Nangoja hatua zako, nikiwa na hasira inayolingana na cheo chako. Nisalimie wasaidizi wako, wapanga maboksi, mfagiaji, na yule anayepima baridi. Mama naye anakusalimu, ingawa nilimwambia asikusalimu.

Wako katika kujenga taifa,
Pancras,
Katibu wa Kijiji.

N.B. Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Mama alitaka nimsomee nilichoandika, nikamgeuzia kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, naye ameikataa hoja ya sita na ya saba. Barua za Bwana hazitoki chini ya kitanda chake. Anasema kila moja inaanza na jina la mwanawe, na siku hizi hakuna mtu mwingine anayeliandika jina hilo. Anasema barua ni ya aliyepelekewa. Emilian alimpelekea Bwana Makrei kwa mkono wake mwenyewe, basi madaftari yakae huko huko, hata kama ni kwenye baridi. Nilimkumbusha uamuzi wa kamati, akaniuliza kamati imezaa watoto wangapi.

Anaomba jambo moja. Matanga tunaondoa Jumamosi, tarehe 27 Septemba, saa nne asubuhi kwa saa za huku. Barua hutumia kama wiki sita, kwa hiyo hii itakufikia, lakini nakala ya shairi haitatuwahi. Saa hiyo mmoja wenu afungue boksi, asimame, na asome shairi la mama kwa sauti kubwa. Kama siku hiyo mnafunga, fungueni. Asiogope matamshi. Bwana Makrei naye alitamka vibaya, na Emilian alimwelewa.

Sisi huku tutakuwa tumenyamaza. Mama ameshachagua mbegu za maharage.