Fahali Mwenye Uzungu Tumboni

Wanunuzi wa mnada wa Karatu walikuwa wakimcheka yule fahali. Korodani zake zilikwama tumboni tangu azaliwe, hazikuwahi kushuka. Shingo nene, sauti nzito, kila jike aliyemnusa alimpanda, lakini hakuwahi kumpa mimba hata mmoja.

Leonce hakucheka. Huyu dalali wa kila kisicho chake alikuwa na shida ya moyo: mama Katarina alikataa kumwoza binti yake Selina mpaka aletewe mtamba.

"Mtamba wa kuzaa, Leonce. Maneno yako hayakamuliwi."

Basi akamchukua fahali kwa bei ya dharau, akamnyoa tumbo, akamchorea kovu la gundi na majivu. Mungu humsaidia anayejituma. Mara akatokea Nasha, mama wa Endulen mwenye ng'ombe wengi, akiswaga mitamba yake.

"Yeyo, huyu alikuwa maksai," Leonce alianza, akimwita mama kwa Kimasai. "Wataalamu wamempandikizia tumboni korodani za fahali wa Kizungu. Homoni zinaingia kwenye damu, zinafika kichwani, dume anaamka. Mtazame!"

Fahali, kama aliyehongwa, akampanda jike wa watu.

"Na ndama wake?"

"Miguu ya Kimasai, maziwa ya Kizungu!"

Nasha akainama, akapapasa kovu. Kidole kikatoka na majivu. Akakipangusa kwenye shuka.

"Homoni zinafanya kazi, hilo sibishi. Unataka nini?"

"Mtamba yule mwekundu." Alikuwa mnene, anang'aa kama kapakwa mafuta.

"Kati ya wote, umemwona yule?"

"Jicho langu halikosei, Yeyo."

"Haya, mwanangu. Umechagua mwenyewe." Akamtemea mate ya baraka, wakabadilishana.

Leonce akafika kwa mama mkwe akitembea kama bwana harusi. Mama Katarina akamzunguka mtamba, akainua mkia, akachungulia chuchu.

"Mbona chuchu ni punje za mtama? Huyu hakuzaliwa pacha na dume?"

Leonce akampigia Nasha simu, akaweka spika ili wote wasikie akimtetea.

"Eeh, pacha wake dume," Nasha akajibu. "Walichangia damu tumboni mwa mama yao, homoni za kaka zikamharibia dada kizazi. Hatazaa. Nilidhani unajua, wewe rafiki wa wataalamu."

"Lakini hata fahali wangu hazalishi!" Leonce alifoka, akajifunga mwenyewe.

"Ndiyo raha yake! Ng'ombe wangu bwana mifugo anawapa mbegu kwa mrija. Nilikosa dume wa kunionyesha jike yupi yuko tayari, bila kutia mbegu zake. Ubarikiwe!"

Mama Katarina alicheka mpaka kitenge kikalegea. Kisha akashika kamba, akamwingiza mtamba zizini kwake.

"Mama, si umemkataa?"

"Kwa mahari nimemkataa. Huyu ni kitoweo cha harusi."

"Harusi ipi, mama?"

"Yako, utakapoleta mtamba wa kuzaa," alisema, akifunga lango.