Ombi la Kukirudisha Kiyunani Kaburini

Kwa Baba Askofu Maxwell,
Mwangalizi wa makanisa yetu, Kisauni.

Baba Askofu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima na mguu umepoa. Sisi hapa Mjambere miili i salama. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Naleta malalamiko juu ya Mwalimu Valarie, anayefundisha Kiyunani cha kale katika ukumbi wa kanisa letu kila Jumanne. Ukumbi nilimpa mwenyewe. Nilidhani watasoma vitabuni, wachoke wiki ya tatu, kama lilivyokufa darasa la ushonaji.

1. Mwalimu huyu hana habari na vitabu. Siku ya kwanza aliingia na beseni la samaki, akamnyanyua changu mmoja kwa mkia, akauliza, "Ti estin touto?" yaani, hiki ni nini. Neno la Kiswahili halikumtoka mpaka darasa zima likajibu "ikhthys", yaani samaki. Baba, lugha hii ilikufa zamani. Maiti haamshwi akatumwa sokoni.

2. Mke wangu Mwikali naye amejiunga. Juzijuzi tukiwa mezani aliniuliza jambo kwa Kiyunani. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesifika kwa ujuzi wa lugha hiyo, sikuweza kumwambia sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa, tena kwa tabasamu. Kumbe ameuliza kama mama yake aje akae nasi miezi mitatu. Mama aliwasili Jumamosi kutoka Mwingi, na kuku wawili.

3. Wajua kwamba kwa miaka kumi na tisa mahubiri yangu yamesimama juu ya maneno haya: "Wapendwa, kwa Kiyunani neno hili lina maana ya ndani." Humo ndani nilikuwa nikiingia peke yangu. Jumapili iliyopita nilieleza kwamba "artos" ni mkate uliokandwa kwa machozi ya mwenye haki. Mama Nyamvula, mjane anayeuza mkate wa sinia kando ya lango letu, asiyejua kusoma wala kuandika, akainua mkono.

"Niwie radhi, Mchungaji. Artos ni mkate tu. Hata huu wangu ni artos."

Kanisa zima likasema amina. Amina kubwa kiasi hicho mimi sijawahi kuipata.

4. Na hapa ndipo penye uchungu. Mama huyu, kila ujumbe unaoingia kwenye simu yake kutoka kwa wanawe, mimi ndiye ninayemsomea. Siku hiyohiyo, baada ya ibada, alisimama akasali Baba Yetu kwa Kiyunani, mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba. Watu walilia. Nami nililia, ila nilikuwa nikijiuliza: sasa watanihitaji kwa lipi?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu utoe waraka. Kiyunani kitangazwe rasmi kuwa ni marehemu. Atakayetaka kukisema apate kibali cha mchungaji wake. Na wasiojua kusoma wakatazwe kuyajua mambo ambayo sisi tunaojua kusoma bado hatujayasoma. Tusipoweka utaratibu, kesho watadai Kiebrania.

Nisalimie Mama Askofu, wajukuu, na wazee wote wa baraza.

Ni mimi, mtumishi mwenzio na mlinzi wa maana za ndani,
Mchungaji Elkana Kilonzo.

Nyongeza: Leo nimekwenda ukumbini kulifunga darasa bila kungoja waraka. Kabla sijafungua kinywa, Mama Nyamvula akaniuliza jina langu kwa Kiyunani, polepole, akinielekezea kidole kifuani ili nielewe. Nikajibu, "Onoma moi Elkana." Wakanipigia makofi wote. Baba, kabla ya leo sijawahi kushangiliwa kwa kusema jambo ambalo nina hakika nalo. Barua naituma kwa kuwa bahasha nimeshaifunga na gundi imeisha, ndiyo maana haya nayaandika mgongoni mwake, lakini usiishughulikie kwa haraka. Jumanne ijayo tunaanza vitenzi.