Ukuta wa Kulinda Kaburi la Kale

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani. (Kwa maneno tu. Lakini nimehisi baridi.)

Mnajua nilirudi kutoka majuu na diploma ya utalii, niliyojilipia kwa kuosha vyombo. (Kama hamjui, imetundikwa sebuleni kwangu, mtaa wa Satellite.) Ndiyo maana mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulinda kaburi la kale kule juu Ngong, karibu na shamba langu. Wachimba kokoto wanalinyemelea. Lisipoandikishwa serikalini, litasagwa.

Kaburi nililigundua mwenyewe! Kila asubuhi nilimwona jirani yangu, Mama Wambui, akiweka jiwe juu ya rundo moja la mawe, taratibu, kwa heshima. Nikajua hiyo ni mila. Anawakumbuka watu wa kale! Sikumuuliza. (Mwenye diploma haulizi.) Nikalizungushia rundo ukuta wa mawe, nikaweka na kibao chenye jina langu na diploma yangu.

Basi leo nikamchukua afisa wa mambo ya kale, Bi. Mwende, kutoka ofisini kwake mjini. Kamati nzima ilikuwa inatungoja pale ukutani. Nikahutubu. Nikaamuru kofia zivuliwe. Tukanyamaza dakika nzima.

Mama Wambui akatokea na jembe. Akaokota jiwe, akalirusha juu ya ukuta wangu. Kwaa!

"Mnaona?" nikanong'ona. "Mila."

"Mila gani?" akauliza Mama Wambui. "Hayo ni mawe ya shamba yangu ya viazi. Yananivunjia jembe. Na vile uliniwekea ukuta, siku hizi narusha kama mtu wa basketiboli!"

Kamati ikaanza kukohoa. (Hakukuwa na vumbi.)

"Pole, mwenyekiti," akasema Bi. Mwende. "Kwani kaburi lenyewe liko wapi, mama?"

"Si ni pale kwa nyasi. Shosho, nyanya yangu, alitukataza hata kuikalia. Ilikuwa kubwa, lakini sasa imeisha." Akanigeukia. "Si wewe ndio ulitoa mawe huko ukijenga hii ukuta, baba?"

Kimya. Hiki cha pili sikukiitisha mimi.

Bi. Mwende akatoa fomu. Kaburi litalindwa, akasema. Kisha, kwenye sehemu ya "wanaotishia eneo hili", akaandika jina langu. Alilinakili kutoka kwenye kibao, pamoja na ile diploma.

Wachimba kokoto wamekuwa namba mbili.

Kesho narudisha mawe. Atakayekuja kusaidia, karibu. Atakayekuja kupiga picha, abaki kwao.