Admin wa Darasa la Sita

Jumatatu, 8 Mei 2023. Pinga.
Nimefungua grupu ya WhatsApp ya darasa letu la sita. Tangu vita vitutoe Kitshanga, wanafunzi wametawanyika: wengine hapa Pinga, wengine kambini karibu na Goma. Mtihani wa taifa unakuja. Wasipojiandaa, mwaka wao mzima umekwenda bure. Papa Jérôme, direkta wetu, atachagua mwalimu mmoja wa kusimamia masomo ya simu. Mwalimu huyo ni mimi. Yeye bado hajajua.

Mama Verdiane, mwalimu mwenzangu, ameomba nimfanye admin pamoja nami. Nimemwambia nitafikiri. Nimeshafikiri. Hapana!

Jumanne, 9 Mei.
Asubuhi nimepanda hadi Jiwe la Rezo. Huku rezo, yaani mtandao, inashika juu ya jiwe hilo tu, na ukigeuza bega unakukimbia. Nimetuma chemshabongo: robo tatu ya sitini ni ngapi? Wa kwanza kujibu apambwe kwa maua. Maua ya simu, mazuri kweli.

Majibu yakamiminika! Kidogo nicheze pale pale. Kisha nikasoma majina. Baba yake Nishimwe, muuza ng'ombe. Mama Françoise wa dukani. Mjomba wa sijui nani, yuko Bisie mgodini. Mtoto hata mmoja? Hakuna. Simu ya nyumba ni ya baba, na baba anatembea nayo mfukoni. Baba Nishimwe amedai maua yake, mjomba wa Bisie akasema huyo ameiga jibu lake. Wamegombana hadi jua likazama.

Jumatano, 10 Mei.
Mama Verdiane ametuma sauti. Amewaomba wazazi kwa adabu: mkirudi nyumbani, simu iwekwe juu ya kigoda, mtoto aishike. Mtoto asiandike jibu. Awafundishe wadogo zake, na sauti yake itumwe kwenye grupu. Nimecheka sana.

Kisha nimesikiliza. Nishimwe, kule kambini, mvua inapiga bashi, turubai la kibanda chao, juu ya kichwa chake. "Mukate sitini bipande bine," anawaambia wadogo. "Kila kipande iko kumi na tano. Sasa mukamate bipande bitatu." Vitoto vikaitikia arobaini na tano. Nyuma yao sauti ya mama mtu mzima ikarudia polepole, anajifunza naye.

Nishimwe! Kitshanga hakuwahi kufungua mdomo darasani kwangu. Nimeirudia sauti ile mpaka watu pale jiweni wakaniuliza kama nimefiwa. Mama Verdiane ana akili ya ajabu. Basi, nimeliandika hapa.

Alhamisi, 11 Mei.
Akili ya ajabu inahitaji mlango, na mlango unahitaji bawabu. Nimebonyeza pale penye "admin pekee ndio watume ujumbe". Sasa Mama Verdiane atanipitishia masomo yake, nami nitayatuma na jina langu chini. Safi kabisa!

Nikishuka kilima, simu ikazima. Mvua tangu asubuhi. Nyumba ya kuchaji inategemea jua, na mwenyewe amesema nirudi jua likipenda.

Ijumaa, 12 Mei.
Mvua. Na leo ndiyo siku ya jaribio aliyoipanga direkta! Watoto watume sauti zao, Papa Jérôme asikilize na kuchagua. Wote midomo imefungwa, ufunguo uko kwenye simu iliyokufa.

Mama Verdiane amefika kwangu kwenye pikipiki ya Jacques, mbeba abiria wa hapa, amelowa chapachapa. Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu teknolojia. Hakuuliza. Ameunganisha simu yangu kwa waya kwenye betri ya pikipiki, tukapanda watatu hadi jiweni. Mwavuli ameishikia simu, si mimi.

"Karangwa, kaka," amesema, "batoto banangoja. Fungula tu."

Nikafungua. Sauti zikaingia, moja juu ya nyingine, kutoka kila walikokimbilia. Walikuwa wamejirekodi wakingoja. Nishimwe alieleza sehemu vizuri kuliko mimi. Mwisho akaongeza: "Mwalimu Karangwa, pole na rezo. Tulijua uko natupigania kule yulu ya jiwe."

Nimelia. Mvua imenisitiri.

Jumamosi, 13 Mei.
Papa Jérôme amemchagua Mama Verdiane. Ni haki yake. Nimepiga makofi wa kwanza, na kwa moyo wote. Yeye amesema mimi nibaki admin, kwa sababu hakuna anayelipenda jiwe lile kama mimi. Ameomba tu awe admin naye. Nimekubali hapo hapo.

Lakini mwanamke kama huyu anastahili kujulikana Walikale nzima, na Masisi pia! Jioni nimefungua grupu mpya: Wapenzi wa Mama Verdiane. Nimeingiza kila mwalimu ninayemjua. Na ili watu wasituharibie kwa porojo, anayetuma ni admin tu. Admin ni mimi.

Mama Verdiane ameuliza mbona humo hawezi kuandika hata asante. Nimemwambia nitafikiri.